Baba ana kisukari na anatimiza miaka 70: nimpikie kitindamlo gani?

*Swali: Shikamoo mtaalamu. Baba yangu ana miaka 69, ana kisukari cha aina ya pili, na anatumia metformini na glibenklamidi. Tangu agundulike tulimwachisha kila kitu kitamu, na amekuwa mnyonge mezani. Wiki iliyopita nikataka kumfurahisha. Niliokea keki bila sukari hata chembe: unga wa ngano gramu 250, mayai, kikombe kimoja cha asali na tende ndogo kumi, maana hivyo ni vitu vya asili. Nilikata vipande kumi, yeye akala viwili. Saa mbili baadaye kipimo kilisoma 15.2 (milimoli kwa lita). Niliogopa sana. Mwezi ujao anatimiza miaka 70 na natamani awe na kitu kitamu mbele yake kama wenzake. Nifanye nini? Mimi si mpishi hodari, na oveni yangu ni ndogo.*

Marahaba mwanangu. Kwanza tulia. Namba hiyo iko juu, lakini kuisoma mara moja si sawa na kuishi nayo kila siku, na umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: ulipima. Bila kipimo hicho ungeendelea kumwokea keki ile ile ukiamini unamsaidia. Ikiwa sukari yake inabaki juu hivyo siku nzima, au inaambatana na kiu isiyokatika, kutapika au ulegevu, usisubiri, mpeleke kwa daktari. Vinginevyo, njoo tuihesabu keki yako.

Kikombe cha sukari kina uzito wa gramu 200 hivi. Kikombe hicho hicho kikijazwa asali kinafika gramu 340, kwa sababu asali ni nzito, na ndani yake mna takriban gramu 280 za sukari. Yaani ulipoiondoa sukari na kujaza asali kikombe kile kile, sukari iliongezeka. Tende kumi ndogo zikaleta gramu 50 nyingine. Halafu unga: gramu 250 za unga wa ngano zina wanga wa gramu 190 hivi, na wanga huo ukishameng'enywa unakuwa glukosi, ile ile ambayo kipimo kinaisoma. Jumla ni gramu 520 kwa keki nzima, 52 kwa kipande, zaidi ya 100 kwa vipande viwili alivyokula mzee. Wataalamu wa lishe huhesabu wanga, sukari ikiwemo, kwa mafungu ya gramu 15. Baba yako alikula karibu mafungu saba kwa kukaa mara moja, tena juu ya chakula alichokuwa ameshakula.

Neno "asili" limewaponza watu wengi ninaowahudumia. Asali, tende, sukari guru, juisi iliyokamuliwa nyumbani, vyote ni vya asili na vyote vinapandisha sukari ya damu. Mwili hauulizi glukosi imetoka kwenye mzinga au kwenye mfuko.

Sasa zingatia jambo moja kwenye hesabu ile. Tuseme ungeondoa asali na tende zote, ukatia kitamu mbadala kisicho na nguvu yoyote. Kipande kimoja bado kingebaki na gramu 19 za wanga, zote za unga. Na keki yenyewe ingekuwa mbaya, kwa sababu kwenye keki sukari ina kazi nyingi kuliko utamu. Inashika maji ili keki isikauke, inailainisha, inaipa rangi, inalisaidia povu la mayai lisianguke. Ukiipunguza kwa robo au hata theluthi, keki nyingi zitavumilia. Ukiiondoa yote unapata kitu kikavu, kigumu, chenye rangi ya karatasi, na mzee atakila kwa adabu tu.

Kwa hiyo ushauri wangu si kutafuta kitu cha kuweka mahali pa sukari. Chagua vitindamlo ambavyo havihitaji sukari ili visimame. Vile vinavyosimamishwa na mayai, maziwa, mtindi mzito, jelatini, njugu au tunda zima. Humo sukari ni ya ladha peke yake, na ladha tunaweza kuipata kwa njia nyingine.

Anza na kastadi, yaani mayai na maziwa vinavyogandishwa taratibu kwa moto mdogo. Nitakaa hapa kwa kirefu kwa sababu ukiiweza hii, umeshavuka nusu ya safari, na oveni huihitaji kabisa.

Chukua maziwa mililita 500 na mayai manne. Pasha maziwa pamoja na kijiti cha mdalasini, iliki mbili tatu zilizopondwa na chumvi kidogo sana, kiasi cha kushikwa kwa ncha za vidole viwili. Yakianza kutoa mvuke, kabla hayajachemka, zima moto na uyafunike kwa dakika 15 ili viungo viachie harufu. Hatua hii usiiruke, kwani hapa ndipo utamu unapojengwa. Ulimi ukikutana na harufu ya mdalasini au vanila huiona kama tamu, kwa kuwa umezoea kuipata pamoja na sukari. Wakati huo piga mayai kwa uma, polepole, uma ukigusa chini ya bakuli. Hutaki povu, unataka viini na ute vichanganyike tu. Yamiminie maziwa ya vuguvugu kidogo kidogo huku ukikoroga, kisha chuja yote kwenye chujio la chai. Pale kwenye chujio utaona nyuzi nyeupe za ute na vipande vya iliki vimebaki. Hizo ndizo zingeiharibu kastadi.

Gawa kwenye vikombe vitano vidogo vinavyostahimili moto. Funika kila kimoja kwa foili ili matone ya mvuke yasidondokee juu. Vipange ndani ya sufuria pana juu ya kitambaa kilichokunjwa, mimina maji ya moto yafike nusu ya vikombe, funika sufuria ukiacha upenyo mdogo, na uache moto mdogo kabisa. Maji yatetemeke, yasichemke kwa kishindo. Baada ya dakika 20 funua kikombe kimoja ukitikise. Ukingo ukiwa umeshika na katikati panatetemeka kama jeli, toa. Bado itaendelea kuiva kwa joto lake yenyewe. Ukisubiri hadi katikati pawe pagumu, ikipoa utaona vitundu na maji yamejitenga, na ladha ya yai itatawala. Kama haijawa tayari, ongeza dakika tano na uangalie tena.

Kwa utamu, una njia mbili. Unaweza kutia vijiko viwili vya chai vya sukari ya kawaida, ambayo ni gramu 8 hivi kwa vikombe vyote vitano. Ukijumlisha na sukari ya maziwa, kila kikombe kinakuwa na wanga wa gramu 7 hivi. Linganisha na 52. Au utie kitamu mbadala kama stivia, kikombe kikabaki na gramu 5 na ushei. Binafsi napenda ile ya kwanza. Tofauti ni ndogo mno, na ladha ni safi zaidi.

Jambo la mwisho kwenye kastadi: mpe mzee ikiwa ya vuguvugu au imepoa kawaida, siyo ya baridi kali kutoka kwenye friji. Ubaridi huufisha utamu ulimini. Kitu kile kile kikiwa baridi sana kinaonekana hakina sukari, kikipata joto kidogo kinakuwa kitamu. Yaliyobaki yatunze kwenye friji, ila yatoe mapema kidogo kabla ya kula.

Ukishaizoea hiyo, jaribu mtindi mzito na kakao. Weka kitambaa safi juu ya chujio, mimina mtindi usiotiwa sukari, na uache kwenye friji usiku kucha. Asubuhi maji yameshuka na juu una kitu kizito kama krimu, chenye wanga mdogo kuliko mtindi ulioanza nao. Kakao iwe ile chungu, ya unga mtupu, siyo ya kinywaji iliyochanganywa na sukari. Usiitie kavu kwenye mtindi, itafanya mabonge na itaacha vumbi mdomoni. Iweke kijiko kimoja kwenye kikombe, mimina maji ya moto kidogo, koroga iwe uji mzito unaong'aa, iache ipoe, kisha uchanganye na mtindi pamoja na vanila na chumvi chembe. Chumvi hupunguza uchungu, na uchungu ukipungua utamu mdogo uliopo unasikika. Robo ya ndizi mbivu iliyopondwa inatosha kwa bakuli moja. Ndizi nzima ina gramu 27 hivi, ndiyo maana nimesema robo.

Jeli ni rahisi zaidi. Pakiti ya jelatini ya gramu 7 inagandisha nusu lita ya kimiminika. Iloweke kwanza kwenye maji baridi dakika tano, iyeyushe kwenye kimiminika cha moto bila kuichemsha, kisha changanya na kilichobaki. Tumia nusu juisi ya chungwa na nusu chai ya viungo iliyokolea. Kuwa mwangalifu na nanasi na papai yasiyopikwa: yana vimeng'enya vinavyovunja jelatini, na jeli haitaganda hata ukiiacha wiki. Nanasi lililochemshwa halina tatizo hilo.

Na tunda zima lipo. Nusu ya tufaha, gramu 12 za wanga, likatwe vipande na kupikwa kwenye sufuria yenye vijiko viwili vya maji, mdalasini na ganda la limau lililokwaruzwa, hadi lilainike. Juu yake kijiko cha mtindi mzito na lozi au karanga chache zilizokaangwa bila mafuta. Stroberi, kama zinapatikana, zina wanga mdogo zaidi, chini ya gramu 8 kwa kila gramu 100. Juisi ya kunywa sitaki kuisikia kama kitindamlo. Chungwa moja linamtosha mtu, lakini glasi ya juisi inahitaji machungwa matatu, nyuzinyuzi zikiwa zimetupwa.

Najua utaniuliza kuhusu vitamu mbadala, kwa hiyo nikueleze. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri vitamu visivyo sukari visitumiwe kama njia ya kudhibiti uzito, na watu wengi wakashtuka. Ushauri ule haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari. Kwa baba yako vinaweza kuwa daraja zuri, kwa kiasi. Stivia ina utamu wa mara 200 hadi 300 ya sukari, na ikizidi inaacha uchungu nyuma ya ulimi, hivyo tia nusu ya unachodhani kinatosha, onja, ndipo uongeze. Aspatemu hupoteza utamu ikipikwa, itie kwenye vitu vya baridi tu. Soma nyuma ya pakiti, kwa sababu baadhi ya vitamu vya unga huchanganywa na dekstrosi au maltodekstrini ili viwe na wingi, na hivyo viwili ni wanga unaopanda haraka. Maltitoli, inayopatikana sana kwenye biskuti na chokoleti za "bila sukari", hupandisha sukari ya damu kiasi na ikizidi inafungua tumbo. Kama nyumbani kuna mbwa na umenunua zilitoli, iweke mbali naye kabisa, ni sumu kwake.

Maandishi ya "bila sukari" kwenye pakiti yasikutulize. Tafuta mstari wa wanga kwa jumla. Biskuti isiyo na sukari lakini iliyojaa unga ni biskuti tu. Na mdalasini ninaousifu hapa ni kiungo, siyo dawa, usije ukampunguzia mzee vidonge kwa sababu yake.

Sasa nikutahadharishe kuhusu glibenklamidi, na hapa nakuomba usome mara mbili. Dawa hiyo inaweza kushusha sukari kupita kiasi, hasa akichelewa kula au akila kidogo. Akianza kutetemeka, kutoka jasho la baridi, kuchanganyikiwa, pima. Ikiwa chini ya 4, si wakati wa kastadi wala wa stivia. Mafuta na protini huchelewesha sukari kufika kwenye damu, na stivia haina sukari ya kumwokoa. Mpe vijiko vinne vya chai vya sukari ya kawaida kwenye maji, au juisi mililita 150, subiri dakika 15, pima tena, na urudie kama bado iko chini. Kama hawezi kumeza, usimmiminie kitu mdomoni, tafuta msaada wa dharura. Nyumba yenye mtu anayetumia dawa hizo isiishiwe sukari, hata kama mmeacha kuipikia. Na kama mkibadilisha sana chakula chake, mwambieni daktari, kwani dozi ilipangwa kwa chakula cha zamani.

Kwa siku za kawaida, kipimo ndicho kitakachokuambia zaidi kuliko mimi. Pima kabla ya kijiko cha kwanza, pima saa mbili baadaye, andika alikula nini na kiasi gani. Malengo yanayotumika kwa watu wazima wengi ni chini ya 10 baada ya kula, ila kwa mtu wa umri wake daktari anaweza kumwekea lengo tofauti. Mimi hupenda kuona ongezeko lisilozidi 3 hivi. Ukiona tufaha linampandisha 4 na kastadi 1, umejua mwili wake. Ale kitindamlo mwishoni mwa mlo, baada ya mboga na protini, maana hapo sukari hupanda polepole kuliko tumbo likiwa tupu. Na kama kitindamlo kina gramu 15, punguza wanga wa sahani kwa kiasi hicho: kipande kimoja cha mkate, au vijiko vichache vya wali.

Kuna mzee mmoja nilimhudumia miaka mingi, sukari yake haikuwahi kutulia na hatukuelewa kwa nini. Siku moja mkewe alifungua mfuko wa koti lake la zamani akakuta karatasi za peremende, zimekunjwa ndogo ndogo, nyingi mno. Nyumbani kwake kila sherehe watu wote walipewa keki, yeye akapewa kipande cha tango. Alikuwa anakula peremende zake msalani. Ndiyo maana ulivyoniandikia kwamba baba yako amekuwa mnyonge mezani, nilisimama pale. Usimpikie kitindamlo cha mgonjwa. Pika kimoja, mezani kile kile kwa wote, wajukuu nao wale. Baada ya wiki kadhaa za kupunguza kidogo kidogo, ndimi za nyumba nzima zitazoea.

Sasa keki ya miaka 70. Tutaifanya bila unga wa ngano. Utahitaji gramu 200 za lozi zilizosagwa, mayai manne, sukari gramu 60, ganda la limau moja na chumvi kidogo. Kama lozi ni adimu, karanga mbichi zilizokaushwa vizuri zitafaa, lakini zisage kwa vipindi vifupi, ukizisaga mfululizo zitatoa mafuta ziwe siagi.

Tenga viini na ute. Bakuli la ute liwe kavu na safi, tone la kiini likiingia povu halitasimama. Piga viini na nusu ya sukari hadi vipauke na viwe vizito, tia ganda la limau na lozi, itakuwa kama udongo wa kufinyanga, usiogope. Piga ute na chumvi hadi upate povu jeupe, nyunyizia sukari iliyobaki, endelea hadi ukiinua mchapo povu lisimame likiwa na ncha inayoinama kidogo. Gawa povu mafungu matatu, chukua la kwanza uchanganye kwa nguvu kwenye lozi ili zilainike. Fungu la pili na la tatu changanya kwa mkono mwepesi, mwiko ukipita chini na kupanda juu, ukiishia pale tu weupe unapotoweka. Hii haina hamira, inainuliwa na hewa hiyo peke yake.

Mimina kwenye chombo cha upana wa sentimita 20 kilichotandikwa karatasi. Oka kwa nyuzi 170 kwa dakika 30 hadi 35, hadi kijiti kitoke kikavu. Katika oveni ndogo juu huwahi kuungua, hivyo baada ya dakika 20 ifunike kwa foili. Ikitoka itabonyea katikati kidogo, ndivyo ilivyo. Ikate vipande kumi. Kila kimoja kina sukari gramu 6, na wanga wote unaomeng'enywa haufiki gramu 9. Lakini lozi zina mafuta mengi na inashibisha, kwa hiyo kipande kimoja, siyo viwili. Kama mzee ana matatizo ya figo, muulize kwanza mtaalamu wake kuhusu lozi, kakao na maziwa, kwa sababu ya potasiamu na fosforasi.

Ijaribu wiki mbili kabla ya siku yenyewe. Mpe kipande baada ya mlo, pima, uandike namba. Ikikaa vizuri, siku ya sherehe kisu akishike yeye, awakatie watu.